Miezi Ambayo Baba Alikuwa Mpiga Mishale

Mwezi uliopita nilisimama katikati ya duka kubwa hapa Germantown nikiwa nimeshika mshumaa. Nikaunusa mara ya kwanza, nikaunusa mara ya pili, na mara ya tatu nikamwona mfanyakazi wa duka akinitazama kama mtu anayejiuliza amwite nani. Kibandiko kilisema ni harufu ya msitu. Msitu gani, hakikusema. Mimi sikusikia msitu wowote. Nilisikia koti la Baba, lile la kahawia lenye mifuko iliyolegea, alilokuwa akirudi nalo kutoka kazini tulipokuwa tukiishi Alexandria, ile ya Virginia, karibu na Washington. Ilikuwa harufu ya utomvu wa msonobari uliopashwa moto pamoja na nta. Mtu wa umri wangu, mwenye shahada mbili na goti moja zima, hatakiwi kuonekana dukani na pua ndani ya mshumaa. Nilinunua mitatu.

Baba anaishi nasi siku hizi, kwenye chumba cha chini, yeye na televisheni yake. Nilimpelekea mmoja, nikauwasha. Akavuta pumzi taratibu kama mtu anayeonja mchuzi uliopikwa na jirani.

"Haujakamilika," akasema. "Hauna udongo mwekundu."

Ni lazima nieleze alikuwa akifanya kazi gani. Baba alikuwa msaidizi katika maabara ya chuo kikuu kimoja ng'ambo ya mto, ambako mwanamke mmoja, profesa, alikuwa akichunguza pinde za kale. Hiyo ni kazi ya ajabu, kwa sababu pinde zenyewe hazipo. Mti huoza, uzi huoza, manyoya ya mshale huliwa na wadudu. Pinde nzima za zamani kabisa zinazojulikana zilihifadhiwa na tope la kinamasi huko Denmark, na hizo zina miaka elfu tisa tu. Nasema "tu" kwa sababu nililelewa na mtu aliyesema hivyo akiwa anapaka mkate siagi. Ukirudi nyuma zaidi ya hapo, kinachobaki ni ncha: vijiwe vilivyochongwa, vidogo kama ukucha wa mtoto, vilivyookotwa kwenye mapango ya kusini mwa Afrika, vyenye zaidi ya miaka elfu sitini, vingine vikiwa bado na mabaki ya gundi mgongoni.

Swali la Profesa lilikuwa rahisi kuuliza. Je, vijiwe hivyo vilikuwa ncha za mishale, au za mikuki midogo ya kurusha kwa mkono, au vilikuwa visu tu vya mtu aliyekuwa akijikatia nyama? Waliovitumia hawapo, hawawezi kuulizwa. Kwa hiyo unachonga vijiwe vinavyofanana na vile, unavigandisha kwenye mishale kwa gundi ya utomvu, nta na udongo mwekundu, unaipiga ile mishale, kisha unakaa na kutazama jinsi kila kijiwe kilivyovunjika. Jiwe lililogonga mfupa kwa kasi ya mshale huvunjika kwa namna yake. Ukiona mpasuko wa aina hiyo kwenye jiwe la pangoni, unaanza kushuku kwamba kulikuwa na upinde pale, ingawa hakuna aliyeuona.

Haya yote nayajua sasa. Wakati ule, nikiwa na miaka minane, nilijua jambo moja tu: Baba alikuwa amewaambia watu hao kwamba anajua kutumia upinde, na Baba alikuwa hajui kutumia upinde.

Msimhukumu haraka. Katika majengo yetu ya mtaa wa West End kulikuwa na Wakenya na Watanzania wa kutosha, na wote walifuata sheria moja ambayo haikuandikwa popote: ukiulizwa kwenye mahojiano ya kazi kama unajua jambo fulani, unasema ndiyo, halafu unajifunza ukiwa njiani. Mama alisema ndiyo alipoulizwa kama anajua kuendesha ile mashine ya kumwinua mgonjwa kitandani, akajifunza siku ya kwanza kazini, mgonjwa akiwa hewani. Anko Mutua, binamu yake Baba aliyeendesha teksi, alisema anaijua Washington mtaa kwa mtaa, akaijua kweli, baada ya kuwapoteza wanadiplomasia kadhaa. Hatukuuona kuwa ni uongo. Tuliuona kama ahadi.

Baba alikuwa mchora ramani katika ofisi ya ardhi kule Machakos. Jioni ya siku ya mahojiano aliketi mezani akamweleza Mama jinsi mambo yalivyokwenda.

"Yule profesa aliitazama michoro yangu kwa muda mrefu," akasema. "Halafu akaniuliza, umewahi kutumia upinde? Nikasema ndiyo."

Mama akaweka mwiko chini. "Baba Mumbua. Upinde gani?"

"Sasa ningesema nini? Mzungu akimwangalia Mkamba anaona nini? Si anaona upinde?"

"Labda angeona mchora ramani."

"Huyo hawakuwa wanamtafuta."

Mama akacheka mpaka akashika meza. "Mtu ambaye panya akiingia jikoni anapanda kiti! Leo ni mwindaji!" Kisha kicheko kikakatika ghafla, kama redio iliyochomolewa. "Na wakijua? Karatasi zetu zote za kukaa huku zitategemea hiyo kazi. Yako, yangu, ya mtoto. Wakijua, tumekwisha."

Watu wazima husema "tumekwisha" kila siku. Tumekwisha, mvua imeanza. Tumekwisha, unga umeisha. Lakini mimi nililipokea neno hilo kama lilivyo. Niliona siku moja mlango ukigongwa, mtu wa suti akisoma majina yetu matatu, na sisi tukibebwa pamoja na viti vyetu. Sikuhofia sana kurudi Kenya, ambako nilikumbuka mbuzi mmoja mwenye tabia nzuri. Nilichohofia ni kumwona Baba akisimama mbele ya watu, akipewa upinde, na watu wote wakijua.

Basi Profesa, ambaye nilikuwa sijamwona hata siku moja, akawa kwangu askari. Na habari zilizofika mezani zilizidi kunithibitishia. Baba alipata kazi, akapewa meza, taa na penseli, akawa anachora vijiwe siku nzima. Upinde wa majaribio ulikuwepo palepale, lakini umefungiwa ndani ya kabati refu, na kila alipolikaribia kabati hilo, Profesa alibadilisha mazungumzo.

"Leo tena," Baba alisema jioni moja. "Nimemuuliza tu, huu umetengenezwa kwa mti gani? Akaniambia njoo tunywe kahawa."

"Ameshakunusa," Mama akasema.

"Na akaniambia majaribio ya kupiga yataanza majira ya baridi yakiisha."

"Anakungoja kwenye kona."

Mimi nilimwelewa mara moja. Tulikuwa na mwalimu wa aina hiyo shuleni: anajua hujafanya kazi aliyokupa, hasemi kitu, anakupa hata tabasamu, halafu Ijumaa anakuita ubaoni.

Ikabidi Baba ajifunze. Na kwa kuwa hatukuwa na mwingine, akaulizwa Anko Mutua kama anajua upinde.

"Mimi?" Anko Mutua akashika kifua. "Bro, unaniuliza mimi? Kwetu Kitui mtoto anazaliwa na upinde mkononi."

"Pole kwa mama yake!" Mama akajibu kutoka jikoni.

Jumamosi iliyofuata alikuja na upinde aliouunda mwenyewe kwa fimbo ya kuvulia samaki iliyovunjika, pamoja na vijiti sita vilivyofungwa manyoya ya mto wa kulalia. Nyuma ya jengo letu kulikuwa na ukanda wa nyasi kati ya maegesho na kijito. Tukaegemeza mto wa kochi kwenye pipa kubwa la takataka. Mama akatoka kwenye roshani akiwa na kikombe cha chai, kama mtu aliyekata tikiti.

"Miguu ipanue. Hivyo. Mkono wa kushoto uwe kama chuma," Anko Mutua alielekeza. "Vuta mpaka sikioni. Sasa fikiria yule ni swala."

"Yule ni mto wangu!" Mama akapaza sauti.

Baba akavuta, akaachia. Mshale ukaanguka miguuni pake, ukalala pale kama mtu aliyetoka zamu mbili mfululizo.

"Si mbaya," akasema Anko Mutua. "Huo ulikuwa wa kupasha moto."

Walifanya hivyo Jumamosi nyingi. Kazi yangu ilikuwa kuokota mishale, na nilikuwa na kazi nyepesi, maana haikwenda mbali. Baba alikuwa mtu wa mistari iliyonyooka. Penseli mkononi mwake haikutikisika. Lakini kile kifimbo kilimfanya awe mwili mwingine, viwiko viwili vya mtu asiyemjua. Kila mshale ulipoanguka alisema "Ehe," kwa sauti ya kukubali, kama anayeandika kipimo. Nami niliinama haraka kuokota, nisimwone usoni.

Jumamosi ya mwisho mshale mmoja ulikwenda. Ulikwenda juu, ukapotea kwenye mwanga, sote watatu tukiwa tumeinua vichwa, halafu ukashuka juu ya paa la teksi ya Anko Mutua kwa mlio wa kijiko kikigonga sufuria. Anko Mutua akaenda kulipapasa paa lake.

"Mutua," Mama akaita toka juu, kwa upole uliotisha. "Niambie ukweli. Wewe umewahi kupiga nini na upinde?"

"Shemeji, mimi..."

"Hata kuku?"

Anko Mutua akatazama nyasi. "Nilikuwa nauza. Pinde. Kwa watalii, kule Mombasa, kabla sijaja huku. Lakini shemeji, kuuza kitu miaka mitatu, si ni kukijua?"

Siku hiyo hakuna aliyecheka. Majaribio yalikuwa yanaanza wiki hiyo.

Na wiki hiyohiyo, siku yenyewe, shule yetu ikafungwa kwa sababu mitambo ya kupasha joto iliharibika. Mama alikuwa zamu. Baba akanichukua. Tukapanda basi, tukapanda treni ya Metro, na njia nzima alinishika mkono kwa nguvu ambayo sikuielewa: nilidhani ananilinda, kumbe alikuwa amejishikilia.

Maabara ilikuwa chini ya ardhi, na ndiyo iliyokuwa na ile harufu. Kwenye kijiko cha chuma juu ya moto mdogo gundi ilikuwa ikichemka, nyekundu na nzito. Ukutani, kutoka kona hadi kona, ilibandikwa michoro ya Baba. Vijiwe vidogo vilikuwa vimekuzwa kuwa vikubwa kama viganja, mwanga ukivipiga kutoka juu kushoto, kila mpasuko umechorwa kwa mistari myembamba iliyopinda kama mawimbi ya maji yaliyotupiwa jiwe. Nilikuwa sijawahi kuiona. Nyumbani alizungumza juu ya kabati, si juu ya ukuta.

Profesa alikuwa mfupi, amefunga miwani miwili shingoni, mikono imejaa michubuko ya mawe. Akanipa mkono kama mtu mzima mwenzake. Kando ya chumba kulikuwa na kitu kirefu kilichofunikwa kwa shuka, na mbele yake ngozi ya kulungu iliyotandazwa juu ya mbavu za ng'ombe. Nikajua: hapa ndipo ubaoni.

"Na wewe, je," Profesa akaniuliza, nadhani kwa adabu tu, "Baba amekufundisha kupiga upinde?"

Nilimtazama Baba. Alikuwa ameinama juu ya mchoro, penseli imesimama. Nikaona nafasi yangu. Nikajibu kwa Kiingereza, kama nilivyojibu kila kitu siku hizo, hata salamu za Mama, kwamba Baba ndiye mpiga mishale bora kuliko wote Kenya.

Uso wa Profesa ukashuka kidogo. Nikaona haijatosha.

Nikasema aliwahi kuua simba.

Ukashuka zaidi. Akaanza kuchezea mojawapo ya miwani yake. Nikaongeza nyati. Nikasema mshale mmoja tu, kwa nyati wawili. Nikasema anatengeneza pinde zake mwenyewe na kila akiona upinde wa mtu mwingine anaurekebisha. Hapo Profesa akafumba macho kabisa, kama anayeumwa na jino, nami nikawa nikitafuta tembo.

"Mumbua," Baba akasema. "Inatosha."

Akaiweka penseli chini. Akasimama, akashika mikono nyuma kama mwanafunzi, akazungumza kwa Kiingereza chake cha taratibu, neno baada ya neno, kana kwamba anasoma vipimo.

"Mtoto huyu anasema uongo, na anausema kwa sababu yangu. Mimi sijawahi kuua kitu. Sikuwahi kushika upinde hadi miezi minne iliyopita, na huo ulikuwa fimbo ya kuvulia samaki. Siku ya kwanza uliniuliza, nikakudanganya. Naomba radhi."

Niligeuka nikautazama mlango. Nilikuwa na hakika kabisa kwamba utafunguka.

Profesa akaiachia miwani yake. "Hujui kabisa?" akauliza.

"Kabisa."

"Hata kidogo?"

"Muulize binamu yangu. Ana alama kwenye paa la gari."

Profesa akavuta kiti akakaa, akaweka mikono usoni, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Nikafikiri: tumemuumiza hata askari. Kisha akainua uso, na alikuwa akicheka kicheko kile cha mtu ambaye simu ya hospitali imemletea habari njema.

Alitueleza akiwa bado anajifuta macho. Msaidizi aliyemtangulia Baba alikuwa mwindaji. Kila vuli alikwenda kuwinda kulungu kwa upinde kule Virginia, na hakuweza kabisa kuuacha upinde wa maabara. Aliukaza uzi. Aliinua shabaha. Alikuwa na maoni. Mishale ya majira mazima ya baridi ililazimika kutupwa, kwa sababu hakuna aliyeweza kusema kama jiwe lilivunjwa na upinde au na ujuzi wa bwana yule. Ndipo Profesa akaunda fremu ya kuushika upinde badala ya mtu, akaapa hataajiri tena mtu anayejua.

"Ndiyo maana nilikuuliza," akamwambia Baba. "Ulipojibu ndiyo, nilikuwa tayari kukuaga. Halafu nikaitazama tena michoro yako, nikashindwa. Nikajiambia, nitauficha upinde tu."

"Kabati," Baba akasema.

"Kabati. Miezi minne nimekuwa nikikupeleka kunywa kahawa. Mimi hata sipendi kahawa."

Baba akanitazama, akaniambia kwa Kiswahili, polepole, "Kumbe tulikuwa tunaogopana."

Nimeandika makala nyingi tangu wakati huo kuhusu namna wengine wanavyotutazama, na nyingine zimesifiwa na watu wanaosifu makala. Lakini bado sijapata mfano bora kuliko ule: mtu mzima, mwenye akili zake, aliyejifunza kwa miezi minne kuwa Mwafrika ambaye hakuna aliyekuwa amemwomba awe. Sisemi hawapo wanaomwomba. Wapo, nimekaa nao kwenye mikutano. Profesa hakuwa mmoja wao, na sisi hatukumuuliza. Nami sina haki ya kumcheka Baba. Mwaka juzi nilialikwa kuzungumzia ufugaji wa nyuki, nikasema ndiyo.

Profesa akalivuta lile shuka. Upinde ulikuwa umebanwa kwenye fremu ya mbao na chuma, umeelekezwa mara moja tu na kwa kudumu, wenye ndoana ya kushika uzi na kamba ndefu ya kufyatulia. Mtu yeyote angeweza kuufyatua. Hilo ndilo lilikuwa lengo lake: asiwepo mtu. Akampa Baba ncha ya kamba.

Baba akaishika kwa vidole viwili. "Ehe?" akauliza.

"Vuta," Profesa akasema.

Ulitoka mlio mfupi, mkavu, na mshale ulikuwa tayari umefika. Sikuuona ukienda. Baada ya Jumamosi zote zile nilikuwa sijui kwamba mshale haupaswi kuonekana. Baba alikwenda kwenye ngozi, akauchomoa taratibu, akakitoa kijiwe kwa kibano, akakiweka chini ya taa. Ncha ilikuwa imeondoka, na pembeni kulikuwa na mpasuko uliokimbia nyuma kando ya ukingo, mwembamba kama mkwaruzo wa sindano. Profesa akaleta picha ya kijiwe cha pangoni, akaiweka kando yake. Hakuna aliyesema vinafanana. Profesa alisema tu, "Tutahitaji mia mbili kama hiki," na Baba akavuta karatasi mpya, akaichonga penseli, akaanza. Mkono wake haukutikisika. Nilikaa chini ya meza nikala mkate wangu nikisikiliza penseli, na jino langu lililokuwa likicheza wiki nzima likatoka lenyewe, bila maumivu.

Saa kumi tulitoka. Nje kulikuwa na baridi na jua kwa pamoja. Kwenye Metro Baba aliniuliza, "Kwani wale nyati wawili walikuwa wamesimama vipi?" Nikamwonyesha kwa mikono, mmoja nyuma ya mwingine. Akatikisa kichwa. "Haiwezekani," akasema. "Mbavu zingeuzuia." Aliongea kama mtu wa maabara.

Kisha tukapanda basi. Tulipata kiti cha nyuma, juu ya injini, penye joto. Kabla hatujavuka taa za pili Baba alikuwa amelala. Alilala kwa mwili wote, kama mtu anayelipa deni la usingizi la miezi minne, mdomo wazi, kichwa kimeangukia dirishani, mikono imefunguka juu ya mapaja, viganja juu. Akakoroma. Mwanamke wa mbele akageuka, akatabasamu, akanong'ona kwamba baba yangu lazima anafanya kazi ngumu.

Nilivijua vituo vyetu kwa kuvihesabu, kwa hiyo nilijua tulipofika. Mlango ukafunguka, baridi ikaingia, watu wawili wakashuka. Nikauona mti wetu, na maegesho, na roshani yetu isiyo na mtu. Nikamtazama Baba. Mlango ukafungwa, basi likaondoka, nasi tukaendelea mbele pamoja, yeye akikoroma, mimi nikiwa na jino mfukoni, na sikumwamsha.